MIMEA NA SISI: Ua la msituni lisilo na kijani

  

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mimea ya kula na ya kutumia nyumbani: sombe, lengalenga, mlonge, viazi. Mwezi huu tumechagua mmea ambao hapa kambini haupo, hauliwi, wala hauuzwi sokoni. Ni ua la msituni. Halina jani hata moja, halina kijani hata kidogo, na chakula chake chote linakitoa kwa mwingine. Kuna barua iliyotufanya tulichague ua hili, na tutaifikia mbele. Kwanza tulijue ua lenyewe.

Linafanana na nini?

Wataalamu wanaliita Thonningia sanguinea. Linaota katika misitu ya Afrika yenye mvua nyingi, kuanzia nchi za Afrika Magharibi, kupita Kameruni na misitu mikubwa ya Kongo, mpaka Uganda. Jina la kwanza limetokana na Peter Thonning, mtaalamu wa Denmark aliyekusanya mimea katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana, tangu mwaka 1799 mpaka 1803. Jina la pili ni la Kilatini, lina maana ya rangi ya damu. Lakini hayo ni majina ya vitabuni. Watu wa msituni walilijua ua hili zamani kabla Thonning hajafika, na walilipa majina yao.

Mtu anayetembea msituni akiangalia juu hawezi kuliona. Linatokea chini kabisa, usawa wa udongo, katikati ya majani makavu yanayooza. Utaona kitu chekundu au cha waridi, kimejaa magamba yenye ncha, kama nanasi dogo lililofukiwa likabaki kichwa tu. Shina la kupanda juu hakuna. Jani hakuna. Ukichungulia katikati ya magamba utakuta vimaua vidogo vidogo vingi vimesongamana. Kumbe kile tunachokiita ua moja ni kundi zima la maua.

Ukifukua udongo taratibu utakuta shina linalotambaa chini ya ardhi na kugawanyika matawi. Lina vinundu vinundu, na kwenye vinundu hivyo ndipo limeshikana na mzizi wa mti. Hapo ndipo penye siri yote ya ua hili.

Jiko la mmea

Kabla ya kusema linakula namna gani, tukumbushane jinsi mimea mingine inavyokula. Watoto wa darasa la tano na la sita wameshasoma, lakini wazazi wengi wametuambia hawakupata nafasi hiyo.

Kila mama anajua kwamba kupika kunataka vitu: unga, maji, moto, na jiko. Mmea wa kijani nao unapika. Maji unayavuta kwa mizizi. Hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, unaiingiza kupitia matundu madogo sana ya majani. Moto wake ni mwanga wa jua. Na jiko lenyewe ni klorofili, yaani ile rangi ya kijani iliyo ndani ya jani. Vitabu vingine vya shule vinaiita umbijani. Humo jikoni inatoka sukari. Kwa sukari hiyo mmea unajenga shina, mizizi, mbegu na matunda yake. Ule unga wa mahindi tunaogawiwa ulipikwa mara ya kwanza na jani la mahindi, huko shambani, juani, kabla haujafika kwenye gunia.

Thonningia haina jiko hilo. Halikufichwa, halikuchakaa, halipo kabisa. Wataalamu waliochunguza urithi wa mimea ya ukoo huu walikuta kwamba zile sehemu za urithi zinazohusu kupika kwa jua zimepotea. Zilipotea zamani sana, kidogo kidogo, kwa vizazi visivyohesabika. Kwa hiyo hata ukiling'oa ua hili ukaliweka juani mwezi mzima, halitageuka kijani. Litakauka tu.

Basi linakulaje? Kinundu chake kinapenya ndani ya mzizi wa mti, mirija yake inaungana na mirija ya mti, na maji pamoja na sukari vinahamia upande wa pili. Mti unapika huko juu kwenye jua, ua linakula huku chini gizani. Miti linayoshika ni ya aina nyingi, hata mipira na mikakao iliyopandwa na watu. Mmea wa namna hii, unaoishi kwa kunyonya kiumbe kingine kilicho hai, unaitwa kimelea. Duniani kuna zaidi ya aina 4,000 za mimea yenye maua iliyo vimelea. Iliyo mingi kati yake bado ina majani ya kijani na inajipikia kiasi. Isiyo na kijani kabisa, kama hili ua letu, ni michache.

Pengine mtu atauliza: mmea bila kijani unawezaje kuishi katika msitu wenye giza vile? Jibu ni kwamba giza halilisumbui. Katika msitu mnene, mwanga unaofika chini kabisa ni kama asilimia 1 au 2 tu ya ule unaopiga juu ya miti. Miche ya kijani inahangaika pale chini, inagombania kila doa la jua. Ua hili halina shida hiyo. Shida yake ni nyingine: haliwezi kuishi bila mti. Msitu ukikatwa, nalo linakwisha.

Tena lenyewe nalo linaliwa. Huko Guinea watafiti waliona inzi wanaotaga mayai ndani ya ua hili, na mabuu wao wanakula ua hilo hilo. Inzi hao hao, wakizunguka kutoka ua hadi ua, ndio wanaobeba chavua ili mbegu zipatikane. Kwa hiyo hata kimelea kina wageni wanaokitegemea.

Neno kuhusu dawa

Tunajua wazee wengine watasema, "Hilo ua ni dawa." Ni kweli kwamba katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi linakaushwa na kuuzwa sokoni kama dawa ya kienyeji. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba wamepata ndani yake kemikali mbili ambazo hazikujulikana, wakaziita thonningianini A na B. Lakini kemikali kufanya kazi katika chupa ya maabara ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo lingine. Kwa hiyo tunawaomba: mtoto akiharisha au akipata homa, msisubiri mizizi iliyokauka ambayo mtu ameileta kutoka safari. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Wanaokula kupitia uyoga

Kuna maua mengine yasiyo na kijani ambayo njia yake ni ndefu zaidi. Haya hayashiki mzizi wa mti moja kwa moja. Yanapitia kwa kuvu, yaani zile nyuzi nyeupe nyembamba mnazoziona ukiinua majani yaliyooza au gogo bovu, ambazo baadhi yake huzaa uyoga.

Wale ambao ndugu zao wamehamishiwa Marekani au Kanada wanaweza kuwauliza kama wamewahi kuliona moja linaloota katika misitu ya huko. Jina lake la kitaalamu ni Monotropa uniflora. Ni jeupe kama mshumaa, kimo chake hakizidi kiganja kimoja na kidogo, na kichwa kimeinama. Watu wa huko wanaliita kiko cha mzimu, kwa sababu ya weupe wake na kwa sababu limeinama kama kiko cha mzee cha kuvutia tumbaku. Likishachavushwa linainua kichwa, na likikauka linakuwa jeusi.

Zamani watu walidhani maua ya namna hii yanakula majani yaliyooza. Mwaka 1960 mtaalamu wa Uswidi, Erik Björkman, alieleza jaribio lake katika msitu wa kwao. Alitia ndani ya miti sukari yenye alama ya mnururisho, yaani sukari ambayo chombo maalumu kinaweza kuifuata inakokwenda. Baada ya siku chache aliikuta sukari ile ndani ya maua yasiyo na kijani yaliyokuwa karibu, ya ukoo mmoja na hicho kiko cha mzimu. Ilikuwa imetoka kwenye mti, ikapita katika nyuzi za kuvu zinazoishi na mizizi ya mti huo, ikafika kwenye ua.

Hapa pana jambo la kufikiri. Miti ile na kuvu ile wana mapatano yao ya siku zote. Mti unaipa kuvu sukari, kuvu inauletea mti maji na chumvi za udongo kutoka mbali ambako mizizi haifiki. Kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea. Ua jeupe limeingia katikati ya mapatano hayo, linapokea, na hakuna aliyeona linatoa nini.

Afrika nayo ina maua ya aina hiyo ya kula kwa kuvu. Moja ni Afrothismia, ua dogo sana lenye umbo la ajabu kama kijitungi, linalofichwa na majani makavu. Mengi yamepatikana Kameruni, mengine Kenya, Tanzania na Malawi. Baadhi yameonekana mara moja tu, halafu basi, hayakuonekana tena. Mwaka 2024 wataalamu walikubali kuyapa ukoo wake peke yake, yaani hayafanani vya kutosha na mimea mingine yoyote hata yawekwe pamoja nayo.

Kiduha, mwizi mwenye majani

Sasa tutoke msituni twende shambani, maana mwizi tunayemjua zaidi yuko huko. Ni kiduha, ambacho wataalamu wanakiita Striga. Mwenye kishamba cha mahindi, mtama au ulezi anaweza kukutana nacho. Maua yake ni mazuri, ya zambarau au mekundu kutegemea aina. Majani yake ni ya kijani kama ya mmea wowote wa heshima. Mgeni akipita anaweza kusifu.

Lakini chini ya ardhi kuna habari nyingine. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, na inalala udongoni ikisubiri. Mzizi wa mhindi ukipita karibu unatoa kemikali fulani, na mbegu inasikia, inaamka, inajishika kwenye mzizi. Kwa wiki kadhaa kinaishi chini huko, cheupe, bila kijani, kikila cha mhindi tu. Mkulima anaona mahindi yamedumaa na kuwa manjano kama yamekosa mvua, wakati mvua imenyesha. Siku kiduha kinapochomoza, sehemu kubwa ya hasara imeshaingia. Na hata kikishapata majani ya kijani na jiko lake, hakiachi kunyonya.

Kwa wale wenye vishamba, yafuatayo yanasaidia:

Kwanza, king'oeni kabla hakijatoa maua, na kilichokwisha kuchanua kichomeni moto. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu maelfu kwa makumi, na mbegu hizo zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja.

Pili, msipande mahindi au mtama mahali pamoja kila msimu. Badilisheni na karanga, soya au kunde. Baadhi ya mimea hiyo inaiamsha mbegu ya kiduha, lakini kiduha hakiwezi kujishika kwenye mizizi yake, kinakufa kwa njaa.

Tatu, samadi na mboji. Kiduha kinapenda udongo uliochoka.

Nne, jembe lililotoka kwenye shamba lenye kiduha lisuguliwe udongo wote kabla ya kuingia shamba lingine.

Wenzetu wa Kenya, katika kituo cha utafiti cha Mbita kilicho kando ya Ziwa Nyanza, walionyesha pia kwamba jani la mifugo linaloitwa desmodiamu likipandwa katikati ya mistari ya mahindi linazuia kiduha, kwa sababu ya kemikali zinazotoka katika mizizi yake. Mkisikia mradi wowote wa kilimo unaleta mbegu hiyo, jiandikisheni.

Barua ya mama mmoja

Sasa tunafika kwenye barua tuliyoitaja. Jina la mama huyu hatulitaji, wala blok yake, wala shule ya mtoto.

Anasema binti yake alisoma shuleni somo la vimelea: kupe, chawa, minyoo, kiduha, na mimea isiyo na kijani. Wakati wa mapumziko wanafunzi wenzake wakaanza kusema, "Wakimbizi ndio vimelea. Wanakula bila kulima." Mtoto alirudi nyumbani akanyamaza. Siku ya pili hakutaka kwenda shule. Siku ya tatu akamuuliza mama yake, "Mama, ni kweli?" Mama anatuandikia: "Nilikosa la kumjibu, maana ni kweli tunakula posho."

Tuliisoma barua hiyo pamoja, sisi wote wa ukurasa huu, na tukakaa kimya kidogo. Si mtoto huyu peke yake. Wako wakubwa pia waliolisikia neno hilo, sokoni, njiani, hata katika foleni.

Tunajibu hivi.

Mama, usimfiche mtoto. Ni kweli tunakula posho, na ni kweli haituoshi aibu kusema vingine. Lakini mwambie pia kwamba kimelea ni neno la sayansi, na sayansi imeliwekea masharti. Kimelea ni kiumbe ambacho maumbile yake yenyewe hayana jiko, au ambacho kina jiko na bado kinanyonya. Thonningia ni ya kwanza, kiduha ni cha pili. Je, sisi tuko wapi?

Ili mtoto aone kwa macho, fanyeni jaribio dogo nyumbani. Halitaki pesa. Chukueni makopo mawili yaliyotupwa, tobolea chini, tia udongo. Panda maharage mawili matatu katika kila kopo. Maharage ya posho yanafaa kama si ya zamani sana. Kopo moja liwekeni nje penye jua. La pili liwekeni ndani, mlifunike kwa boksi au ndoo mpaka mwanga usiingie hata kwa tundu la sindano. Mwagieni yote mawili maji kidogo kidogo, lile la ndani mlimwagie usiku bila taa.

Baada ya siku kama 10 fungueni. Maharage ya nje yatakuwa mafupi, manene, ya kijani. Ya gizani mtayashangaa. Yatakuwa marefu, membamba kama uzi, meupe yenye manjano, na vijani vidogo vilivyokunjamana. Mtoto atasema, "Hili ni kama lile ua la msituni." Na kwa macho, kweli linafanana. Halina kijani. Linakula akiba iliyowekwa ndani ya mbegu na mama yake, yaani linakula ambacho halikupika.

Halafu litoeni nje. Siku ya kwanza liwekeni kivulini kidogo lisiungue, siku ya pili juani. Msifanye kitu kingine chochote, wala dawa, wala mbolea. Kwa siku moja mbili mtaona linaanza kugeuka kijani lenyewe. Jiko lilikuwemo ndani muda wote. Kilichokosekana ni mwanga.

Hilo ndilo jibu la mtoto. Watu wa kambi hii walikuwa wanalima Fizi na Uvira, wanavua samaki Tanganyika, wanafundisha, wanashona, wanajenga, wanauguza, wanauza mawese. Hakuna aliyezaliwa na kadi ya posho. Mpaka leo, ukipita blok yoyote asubuhi utasikia cherehani, utamkuta mama anakaanga mandazi ya kuuza, kijana anatengeneza redio, na wengine wameondoka alfajiri kwenda kibarua. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 17, unaongea juu ya haki ya mkimbizi kufanya kazi ya mshahara. Nchi nyingine zilisaini mkataba huo zikaweka kando kifungu hicho, zikiwa na sababu zao. Tunalisema hili ili mtoto ajue kwamba mikono iko. Kinachopunguzwa ni nafasi ya kuitumia.

Lakini kuna jambo la pili katika lile kopo, na hili tunawaambia wazazi na vijana kwa uchungu. Mche ukiachwa gizani muda mrefu kupita kiasi, hautageuka kuwa kimelea. Hauwezi. Akiba ya mbegu ikiisha, unalala chini unakufa. Tunawaona vijana wetu wengine waliomaliza shule wakakaa mwaka wa tatu, wa nne, wakianza kulala mchana. Tunawaona baba waliokuwa mafundi wakubwa wakisema vyombo vyao havina kazi tena. Kila mwanga mdogo unaopatikana tuutumie: kozi ya miezi mitatu ya ushonaji, masomo ya jioni ya lugha ya nchi hii, kishamba cha hatua 5 kwa 5 nyuma ya nyumba, chama cha kuweka akiba. Doa dogo la jua pale chini ya msitu ndilo linalouweka mche hai mpaka siku mti mkubwa utakapoanguka na mwanga kuingia.

Na kuhusu wale watoto waliosema maneno hayo, tunaomba msiwafundishe watoto wenu kurudisha tusi. Wenyeji wa hapa walitupa ardhi ya kusimamisha mahema, tunachota maji pamoja, tunakata kuni katika pori moja, na wengi wao ni maskini kama sisi. Kumbukeni mti na kuvu: mmoja anatoa hiki, mwingine anatoa kile. Soko la hapa lilikuwa na meza ngapi kabla hatujafika, na leo lina ngapi? Wanaouza nyanya ni wao, wanaonunua ni sisi. Wanaoshonewa ni wao, wanaoshona ni sisi. Mzazi akiweza, aende kwa mwalimu kwa heshima, amwombe alieleze darasa kwamba neno kimelea ni la mimea na wadudu, halitumiki kwa mtu. Mwalimu mzuri atalipokea. Pengine akubali hata makopo mawili ya maharage yaletwe darasani, watoto wa wenyeji na wa kwetu wayatazame pamoja.

Mama uliyetuandikia, tunakushukuru kwa kutuamini na jambo hili. Mpe binti salamu zetu, na mwambie darasa linamngoja.

Tunaomba kutoka kwenu

Wazee mliotoka Walikale, Shabunda, Opala, Ituri na pande zote za msitu: ua hili jekundu la chini mnaliitaje katika lugha ya kwenu? Kama mlilijua, lilikuwa na kazi gani, lilikuwa na habari gani? Andikeni, au mtumeni mtoto aandike, mtie katika sanduku. Majina yote tutakayopata tutayachapa hapa pamoja na jina la lugha, ili watoto waliozaliwa kambini nao wayajue.

Na watoto watakaofanya jaribio la makopo mawili watuchoree walichokiona, siku ya kufungua na siku ya tatu baada ya kulitoa juani. Michoro mitatu itatoka katika gazeti letu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya lengalenga: jinsi ya kuivuna bila kuing'oa ili iendelee kuchipua, na jinsi ya kutunza mbegu zake.